Mama wa Kugombaniwa

Mjinga wa siku ile alikuwa Bienvenu, na tusihangaike kumtafutia mwenzake. Wajinga wengine walikuwapo, maana wodi ya wazazi haiwakosi, lakini wale walilipwa mshahara. Yeye alikuwa mjinga wa kujitolea.

Asubuhi ilimkuta amepiga magoti chini ya sinki, anakamua tambara la kudekia, anaimba pambio kwa pua ili harufu ya dawa ya Jik isimfike kooni. Sababu ya kuimba alikuwa nayo. Ilikuwa siku ya mwisho ya staji. Ndivyo watu wa kwao Kivu wanavyoyaita mafunzo ya wodini. Alasiri Madamu Tumuhairwe, mwalimu wao wa ukunga, angekuja kufunga hesabu ya kila mwanafunzi, na Bienvenu alikuwa amebakiza mama mmoja tu: mmoja wa kumzalisha kwa mikono yake mwenyewe, sista wa zamu akishuhudia. Akimpata, anafanya mtihani wa serikali. Akimkosa, anarudia staji nzima, na shirika linalomsomesha, lenye nembo nzuri ya viganja viwili vilivyoukumbatia mche, lilishasema tangu mwanzo kwamba linalipa mara moja. Anayerudia anarudia kwa mfuko wake. Mfuko wa Bienvenu ulikuwa na kitu kimoja ndani: tundu.

"Wewe Mukongo!" aliita Sista Ninsiima, mkuu wa zamu, kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa ameunganisha zamu mbili, miguu imemvimba, na chupa yake ya chai ilikuwa ubavuni kama mtoto wa kunyonya. "Wimbo wacha kwanza. Kuja toa hii ndoo."

"Ndoo inatoka, Sista. Wimbo ni wa bure, naweza kuuacha hapa."

"Toa na mdomo pia."

Wanafunzi waliosikia walicheka. Walimzoea hivyo. Mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale chini ya turubai lenye herufi za buluu, akipanga foleni ya maji, ya maharage, ya sabuni na ya kuulizwa jina la babu yake, hujifunza kutania mapema; utani ndio kitu pekee kambini kisichogawiwa kwa kadi.

Wodi ile, nayo iko mjini Mbarara na jina la hospitali yake tuliache tusije tukadaiwa kitanda, ilikuwa na sheria isiyobandikwa ukutani. Vitanda vilikuwa vya wanafunzi wa shule zilizolipa. Sakafu ilikuwa ya wengine. Shule za watu wenye fedha zilileta ada, katoni za glavu, hata mapazia. Mama yeyote aliyelala kitandani alikuwa mama wa wanafunzi wao. Shule ya akina Bienvenu ilileta ahadi. Ada yao ilikuwa njiani, inatoka kwa mfadhili, na ilikuwa imekaa njiani mpaka Bienvenu akasema huenda imeoa huko na kujenga. Kwa hiyo yeye na wenzake walipewa akina mama wa chini, waliotandika kavera zao, zile nailoni nyeusi za kuzalia, katikati ya miguu ya vitanda.

Si kwamba akina mama wa chini walikuwa haba. Shida ni kwamba mama akikaribia, na kitanda kikawa wazi, hupandishwa juu. Na akishapandishwa amebadili mwenyewe, ni wa shule yenye kitanda. Mara ngapi Bienvenu alimsugua mama mgongo tangu alfajiri, akamtembeza korido nzima akimtania hadi akacheka katikati ya uchungu, kisha kichwa kilipoonekana akabaki ameshika tambara, huku mwanafunzi wa shule iliyolipa anavuta glavu mpaka kwenye kiwiko.

Ndiyo maana akaamua kujiletea mama wake, kama mtu anayekwenda harusini na sahani yake kutoka nyumbani.

Siku chache nyuma alikuwa amekwenda Nakivale kusalimia. Posho ilikuwa imekatwa tena. Mtaani kwao watu walikula mara moja kwa siku na kuiita saumu, angalau ipate maana mbele za Mungu. Baada ya ibada akamwona Yvette, mwenzake wa kwaya tangu utotoni, tumbo limemtangulia. Mumewe, Pacifique, alikuwa kwenye mashamba ya matoke upande wa Isingiro, anawalimia watu kwa kibarua. Kila mtu pale alijua kwamba mtoto wa kwanza wa Yvette alizaliwa kimya na akazikwa kimya. Bienvenu naye alijua. Akaishika hofu ile kama mtu anavyoshika mpini wa jembe.

"Mukuye kuzalia Mbarara," alimwambia, mama mkwe wake akisikia. "Kule kuko masini, kuko badokta, kuko kitanda ya kupanda na kushuka. Na miye mwenyewe nitakuwa pale, toka mwanzo mpaka mwisho."

Mama Pacifique, yule mama mkwe, alimtazama tangu viatu. "Weye mwanaume, ukaangalie bibi ya mwenzako?"

"Mama, mule wodini miye si mwanaume. Ni muganga."

"Na ukitoka mule unakuwa nini?"

Watu wa kwaya walicheka mpaka mpiga gitaa akaweka gitaa chini. Lakini Yvette hakucheka. Alikuwa ameshika tumbo. "Kitanda ya kweli?" aliuliza.

"Ya kweli."

Sababu yake hasa hakuisema. Hakusema, nimebakiza mmoja, nakuhitaji. Alisema mashine. Mama Pacifique akauza jogoo na maharage ya mbegu, wakaja, wakakaa katika chumba cha Bienvenu kule mtaa wa Ruti, naye akahamia kwa fundi cherehani wa jirani akalala katikati ya suruali za watu. Kila asubuhi aliwapitia kuuliza kama tumbo limeanza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha. Ile asubuhi ya mwisho ndipo Mama Pacifique alipopiga simu: "Dokta, imeanza. Tunapanda boda."

Wimbo wa chini ya sinki ulianzia hapo.

Getini walisimamishwa. Bienvenu alipofika mbio, tambara bado liko begani, alimkuta askari amenyoosha rungu mbele ya boda kama kizuizi cha barabara.

"Nyinyi kutoka wapi?"

"Nakivale," alisema Mama Pacifique, mtu mkweli.

"Refuji? Wapi barua ya kutoka kambi?"

"Mutu anazaa, baba. Mutoto hana barua."

"Hapana barua, hapana ingia. Mimi nafuata sheria tu."

"Afande," Bienvenu aliingilia, "hawa ni wangu."

"Wako? Wote wawili?" Askari aliangalia sare nyeupe, akaangalia tumbo la Yvette, akatabasamu. "Wewe unajua kazi."

"Najua, afande. Na wewe najua hujanywa chai." Akatoa mfukoni rolex yake, ile chapati iliyoviringishwa mayai, iliyokuwa iwe chakula chake cha mchana. Rungu likapanda. Sheria ilikuwa bado ya moto, askari akaimega hapo hapo.

Ndani, sakafu ilikuwa imejaa mpaka kizingitini. Yvette alisimama akipumua kwa mdomo, ameshika ukuta. Nafasi ya chini iliyobaki ilikuwa moja, kando ya ndoo ya taka, ambapo mama aliyetangulia alikuwa ameacha unyevu. Mama Pacifique aliitazama ile nafasi, kisha akamtazama Bienvenu.

Kulikuwa na kitanda kimoja wazi, cha dirishani. Kilikuwa cha Kizito.

Kizito alikuwa kijana wa Masaka, mrefu, mpole, wa shule iliyolipa; baba yake aliuza shamba la kahawa amfikishe pale. Naye alikuwa amebakiza mmoja. Lakini alikuwa na mama wake tayari, kitanda cha pili, anakaribia kabisa. "Bwana Bienvenu, weka huyu kwa kitanda yangu," alisema. "Mimi niko na wangu hapa. Huyu ni wako. Sisi ni marafiki, banange."

Hapa ndipo ujinga ulipokamilika. Sheria ya wodi Bienvenu aliijua kuliko sala ya Baba Yetu. Alijua kitanda ni nini. Lakini alikuwa ameahidi kitanda mbele ya kwaya nzima, na jicho la Mama Pacifique lilikuwa bado liko kwenye ile ndoo. Akatandika kavera juu ya godoro, akampandisha Yvette, akachomeka jozi ya glavu zake chini ya godoro, upande wa kichwani. Hiyo ndiyo bendera ya wodi ile: ukiona glavu zimechomekwa, mama ana mwenyewe.

"Umeona?" alimwambia Mama Pacifique kwa majivuno. "Kitanda."

"Nimeona. Na ile masini?"

"Masini inakuya."

Aliweka pembe ya mbao tumboni, akainamisha sikio. Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda mbio na vizuri, kama farasi wa mtu tajiri. Akampima, njia ilikuwa imefunguka nusu. Yvette alimtazama usoni muda wote, akisoma.

"Iko hai?"

"Iko hai sana. Itaimba soprano."

Yvette alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu Ruti mabega yake yalishuka.

"Bibi, toka inje," Sista Ninsiima alimwambia Mama Pacifique. "Hapa si kanisa. Utaitwa." Mama Pacifique akatoka kinyumenyume, akikagua kitanda kana kwamba amekiacha rehani.

Haikupita muda mrefu, mama wa Kizito akabadilika. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Daktari akaja, akabonyeza, akatikisa kichwa. Machela ikaletwa, mama akakimbizwa chumba cha upasuaji. Kizito akabaki amesimama katikati ya wodi na glavu mkononi, mfano wa bwana harusi aliyeachwa na gari la bibi harusi. Kwa upasuaji mkunga hapewi alama.

Sista Ninsiima akamimina chai, akanywa funda, akaangalia kitanda cha dirishani.

"Kizito. Mama yako huyu hapa."

"Sista, huyu ni wa Bienvenu."

"Kitanda ya nani?"

Kizito akaangalia viatu vyake.

"Sista," Bienvenu alisogea, mikono nyuma, sauti ya sukari, "huyu ni jirani yangu. Nimemleta mwenyewe kutoka Nakivale."

"Umeleta mwenyewe? Wewe ni ambulansi?"

"Nimempokea mimi, nimempima mimi. Glavu zangu hizo chini ya godoro."

"Ile godoro ya nani?"

"Nimebakiza mmoja tu, Sista. Na Madamu anakuja leo."

"Shule yenu imelipa?"

"Iko njiani."

"Basi na wewe ngoja njiani." Alichomoa zile glavu za Bienvenu chini ya godoro, akazitia mfuko wa aproni yake. Hakufanya hivyo kwa hasira. Alifanya kama mtu anayeondoa kikombe mezani. "Kama unataka mama, angalia sakafuni. Mama wako wengi."

Sakafuni kulikuwa na mama mmoja tu asiye na mwenyewe, kando ya ile ndoo, na alikuwa amekuja kwa uchungu wa uongo. Mtoto wake hakuwa na haraka na dunia hii. Bienvenu hakumlaumu.

Kisha wakaja wanafunzi wa shule ya Kizito, maana shule iliyolipa ina haki ya kujifunza. Wa kwanza alivaa glavu, akampima Yvette, akataja namba ya sentimita za njia. Wa pili akavaa, akapima, akataja namba nyingine. Wakabishana. Akaitwa wa tatu aamue. Pazia lilikuwapo, lililoletwa na shule ile ile, lakini hakuna aliyekumbuka kulivuta. Bienvenu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika beseni.

"Bienvenu," Yvette aliita kwa Kiswahili cha kwao, taratibu, ili wengine wasidhani anapiga kelele. "Hao banatafuta nini mule?"

"Banajifunza."

"Kila mumoja?"

Ulimi wake, uliomtania askari, uliomtania sista, uliopata kumtania hata mchungaji juu ya sadaka, ulikuwa umelala. Alijua la kusema. Angeweza kusema, jamani, mama huyu amepimwa, inatosha. Lakini alasiri ilikuwa inakuja, na Sista Ninsiima ndiye aliyekuwa na kalamu. Akapangusa beseni ambalo lilikuwa kavu.

"Mukongo, peleka hii damu maabara," Sista alisema.

Akaipeleka. Wa maabara alikuwa amekwenda kula. Bienvenu akasimama kwenye kidirisha, tumbo lake tupu likinguruma, akawaza maneno atakayomwambia Madamu, akayaona yote ni mabaya. Akamwaza mama yake, anayejigamba kwenye foleni ya maji kule kambini kwamba mwanawe ni dokta, na akina mama wengine wanaompisha mbele kwa sababu hiyo. Mtu akirudi nyumbani bila cheti, foleni nayo inarudi.

Hapo ndipo shetani, ambaye hajawahi kukosa ada, alipomnong'oneza. Mama wa kitandani ni wa Kizito. Mama wa chini ni wangu. Basi ashuke.

Alirudi wodini karibu anakimbia. Yvette alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda, jasho limemtota, ananguruma chini kwa chini jinsi watu wanavyonguruma wakibeba gunia lisilo lao. Kizito alikuwa anahangaika kutafuta mkasi kwenye trei. Sista alikuwa chumba cha pili, na chupa yake.

Bienvenu akainama sikioni pa Yvette. "Yvette, shuka chini."

"Nini?"

"Shuka kidogo tu. Nitakutandikia."

"Ulisema kitanda." Alihema. "Miye nilikuya sababu ya kitanda."

"Najua. Lakini chini ndo kwangu. Huku juu hawatanipa. Nakuomba, dada. Ni shule yangu yote."

Yvette alimtazama. Uchungu ulikuwa umempa nafasi kidogo, kama mvua inavyopumua kabla ya kurudi, na katika nafasi ile akaelewa jogoo, na maharage ya mbegu, na chumba cha Ruti, na zile salamu za kila asubuhi. Akageuka, akateremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili. Pengine alikubali. Pengine mwili wake mwenyewe ulikuwa umechoka kulala chali mbele za watu. Bienvenu hakuuliza, alishavuta kavera kutoka kitandani aitandike chini.

"Banange, unafanya nini?" Kizito aliruka, akashika ncha ya pili ya kavera. "Rudisha mama kitandani!"

"Mama ameshuka mwenyewe."

"Umemshusha! Nimekuona!"

"Ulisema ni wangu. Mbele yangu ulisema!"

"Nilisema kabla yule wangu hajakwenda kupasuliwa! Baba yangu ameuza shamba, Bienvenu!"

"Na huyu mkwe wake ameuza mbegu! Achia!"

"Achia wewe!"

Wakavutana. Wanafunzi wawili wa ukunga, mwaka wa mwisho, sare nyeupe, kila mmoja na glavu zake, wanavutana nailoni kama watoto wanaogombania shuka. Akina mama wa sakafuni waliinua vichwa. Mmoja alisema neno kwa Kinyankore, mwingine akapiga ukelele, na ukelele ule haukuwa wa kushangilia ugomvi.

Walipogeuka, Yvette alikuwa amechuchumaa kati ya kitanda na ukuta. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika chuma. Mwingine ulikuwa chini, na ndani yake kulikuwa na kichwa cheusi kinachong'aa. Hakupiga kelele. Alitoa pumzi ndefu, akaachia kile chuma, akaleta mkono wa pili, na mtoto akateleza mzima mzima akatua katika mikono yake. Sakafu hakuigusa. Yvette akamvuta kifuani, akamsugua mgongo kwa pindo la kitenge, akasubiri.

Wodi nzima ilisubiri naye.

Mtoto akalia. Alilia kwa ghadhabu, kama aliyeona vurugu za ile kavera.

Yvette akaketi sakafuni na kuegemea ukuta, akaanza kulia naye, kimya, machozi yakimtiririka mpaka kwenye nywele za mtoto. Mama Pacifique, aliyesikia kilio kutoka koridoni, alimpita askari wa mlangoni, akampita mfagiaji, akaingia bila kuitwa. "Inalia?" aliuliza, ingawa kila mtu alisikia. "Inalia hiyo?"

Baada ya hapo mikono ikawa mingi. Kizito akafunga na kukata kitovu. Bienvenu akapokea kondo la nyuma, akalikagua, akasafisha. Wakampandisha Yvette kitandani, wote wawili, kwa upole wa watu waliovunja kitu. Sista Ninsiima akatokea na kikombe, akaona, na rangi yake ikabadilika. Mtoto kuzaliwa bila mkunga, sista yuko chumba cha pili na chai, hilo si jambo la wanafunzi tena. Hilo humfuata sista mpaka kwenye pensheni.

Na ni wakati huo huo Madamu Tumuhairwe alipoingia, miwani juu ya kipaji, kalamu mkononi.

"Bienvenu. Ule mmoja umepata?"

"Ndiyo, Madamu," alisema. Neno lilitoka kabla hajalipa ruhusa. "Huyu hapa."

"Hapana!" alisema Kizito. "Samahani, Madamu. Huyu ni wangu. Kitanda ni yetu."

"Alikuwa ameshuka. Miguu yote miwili sakafuni."

"Mkono ulikuwa kwa kitanda! Ameshika chuma mpaka mwisho!"

"Mkono hauzai!"

"Kitovu amekata nani?"

"Na kondo amepokea nani?"

"Nyamaza, nyinyi wote," Sista Ninsiima alisema, na sauti yake ilikuwa na mafuta ambayo Bienvenu hakuwahi kuyasikia. "Madamu, Kizito alizalisha. Mimi nilikuwa hapa, nilisimamia. Yote ilikuwa sawasawa."

Akina mama wa sakafuni wakatazamana. Mmoja akakohoa. Madamu Tumuhairwe aliangalia kitanda, akaangalia nafasi kati ya kitanda na ukuta, mahali palipokuwa na maji na damu, kama mpima ardhi aliyeitwa kwenye kesi ya mpaka. Alikuwa mwalimu wa siku nyingi. Alijua sheria isiyobandikwa. Alijua ada ilikuwa njiani, maana yeye mwenyewe mshahara wake ulikuwa kwenye njia hiyo hiyo.

"Mimi sitaki habari ya kitanda," alisema. "Nataka mtu aliyepokea mtoto. Mama mwenyewe yuko hapa, tumuulize yeye. Akisema ni Bienvenu, naandika Bienvenu. Akisema ni huyu kijana, Bienvenu atarudia."

Sista akamtazama Yvette kwa jicho la mtu anayetoa ruhusa za kutoka hospitali. Kizito akainamisha kichwa. Bienvenu akasogea mpaka kitandani, akapiga magoti, mdomo karibu na sikio, kama alivyofanya muda mfupi uliopita.

"Yvette," alinong'ona. "Neno moja tu. Halimuumizi mutu. Nikipata hiki cheti nitarudi Nakivale, nitawazalisha bamama yetu yote, pale pale nyumbani. Ni kwa ajili yenu. Sema tu ni miye."

"Mama," Madamu aliuliza, "nani amekuzalisha?"

Yvette alimfunika mtoto vizuri, akainua uso, akawapitia mmoja mmoja: sista, Kizito, wale watatu waliotaja namba, akamalizia kwa Bienvenu.

"Huyu mutoto nilimudaka miye, na hizi mikono, hawa babili bakivutana nailoni," alisema. "Kama kuko cheti ya kupeana hapa, muandike jina yangu."